Grethe Rask, daktari wa Zaire aliyeuawa na kuvu kabla SIDA haijapata jina

Tarehe 12 Desemba 1977, daktari mpasuaji mwenye umri wa miaka 47 alifariki kwao Denmark baada ya kuugua karibu miaka 3. Jina lake lilikuwa Margrethe Rask, lakini alijulikana zaidi kama Grethe. Miaka yake ya mwisho ya kazi aliitumia katika nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo. Alipasua wagonjwa kwanza katika hospitali ndogo ya Abumombazi, kaskazini mwa Équateur, kisha mjini Kinshasa. Madaktari waliouchunguza mwili wake walikuta mapafu yamejaa kimelea ambacho mtu mwenye afya hukivuta kwa pumzi bila kudhurika. Leo inajulikana kwamba kimelea hicho ni aina ya kuvu.

Kuvu ndiyo jamii ya vimelea ambavyo wengi kwetu huviita fangasi au mikozi. Kwa watu wengi ni kero tu ya ngozi: choa shingoni, mapunye kichwani mwa mtoto, miguu inayowasha ndani ya buti. Kwa Rask ilianza mambo mengine. Utando mweupe uliokuwa umefunika mdomo wake ulionyesha kwamba kinga ya mwili imekwisha, na hakuna daktari wa wakati ule aliyejua kuisoma dalili hiyo.

Leo muuguzi wa kituo cha afya cha Masisi au Walikale anajua kuisoma. Ana kipimo na, njia zikiwa wazi, ana dawa pia. Kwa sababu hiyo maisha ya daktari huyu yanastahili kusimuliwa katika teritwari hizi mbili za Kivu Kaskazini, ambako wagonjwa wengi hufika kituoni wamechelewa, wengine kwa aibu, wengine kwa vita.

Kutoka Thisted hadi Abumombazi

Rask alizaliwa mwaka wa 1930 huko Thisted, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Denmark. Alisomea udaktari akawa mpasuaji, kazi iliyokuwa na wanawake wachache katika kizazi chake. Alifika Kongo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1964, miaka 4 baada ya uhuru. Ulikuwa mwaka mbaya. Uasi wa Simba ulikuwa umeenea mashariki, na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ilikuwa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti hadi Novemba. Rask hakukaa muda mrefu. Alirudi Ulaya kuongeza ujuzi katika upasuaji wa tumbo na magonjwa ya nchi za joto.

Mwaka wa 1972 alirudi, na safari hii alikuja kukaa. Alipelekwa Abumombazi, mahali ambapo leo pako katika jimbo la Nord-Ubangi. Ni nchi ya misitu na mito, mbali na Kinshasa, ambako gari hufika kwa shida na dawa hufika kwa bahati. Msomaji aliyewahi kusafiri kutoka Sake hadi Walikale wakati wa mvua anaweza kuipiga picha hospitali hiyo bila kuelezwa sana.

Miaka ile nchi yenyewe ilikuwa ikishuka. Mwishoni mwa 1973 Mobutu alitwaa biashara na mashamba ya wageni na kuwagawia Wazaire, na wengi wao hawakuwa na mtaji wala uzoefu wa kuyaendesha. Mwaka wa 1974 bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia, hazina ya serikali ikakauka. Hospitali za mikoani ndizo zilizoumia mapema.

Katika chumba cha upasuaji cha Abumombazi vifaa vilikuwa haba. Sindano zilitumika tena na tena. Glovu zilichakaa, na zilipokosekana mpasuaji alifanya kazi kwa mikono mitupu. Mama aliyeletwa na uzazi uliokwama, au mtu aliyepasuka utumbo, hakuweza kungoja sanduku la glovu lipande mto. Rask aliingiza mikono yake katika damu ya wagonjwa siku baada ya siku, kama walivyofanya wauguzi wa Kongo waliosimama kando yake.

Hakuna awezaye kusema ni siku gani wala ni kwa njia gani virusi viliingia mwilini mwake. Inawezekana ilikuwa Abumombazi, au hata katika safari ile ya kwanza ya 1964. Kinachojulikana ni kwamba virusi vilikuwa tayari nchini. Damu iliyochukuliwa kwa mtu mmoja wa Léopoldville mwaka wa 1959 na kuhifadhiwa ilikutwa baadaye na virusi hivyo. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba ueneaji wake mkubwa ulianzia Kinshasa katika miaka ya 1920, ukasafiri kwa reli na mito. Kwa hiyo Rask hakuuleta ugonjwa, wala watu wa Abumombazi hawakuwa na kosa. Ulikuwa ukipita katika damu za watu bila jina kwa miaka mingi.

Uchovu usioisha

Dalili za kwanza zilionekana mwishoni mwa 1974. Rask alianza kuhara, tezi zake zikavimba, uzito ukashuka, na uchovu ukamshika ambao usingizi haukuuondoa. Alitumia dawa, akapata nafuu, kisha hali ikarudi. Kwa daktari wa msituni hakukuwa na cha kushangaza. Amiba, malaria na minyoo huchosha mwili namna hiyo hiyo, na kila muganga wa Kongo amewahi kuugua kimojawapo.

Mwaka wa 1975 alihamia Kinshasa, katika hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Denmark. Huko vifaa vilikuwa afadhali, lakini mwili wake haukurudia nguvu. Aliendelea kupasua. Mwishoni mwa 1976, Mdenmark mwenzake, daktari kijana Ib Bygbjerg, ambaye pia alifanya kazi Zaire, alimkuta amedhoofika sana. Bygbjerg hakuusahau ugonjwa ule, na baadaye kumbukumbu yake ilikuwa na thamani kubwa.

Mwaka huo huo wa 1976, katika kaskazini ile ile ya nchi, ugonjwa mwingine usiojulikana ulilipuka katika hospitali ya misheni ya Yambuku. Huo uliua haraka, dunia ikashtuka, watafiti wakafika kwa ndege na kuupa jina la mto Ebola. Ugonjwa wa Rask uliua polepole, na hakuna aliyeutafuta.

Katikati ya 1977, akiwa mapumzikoni Afrika Kusini, alishindwa kupumua. Aliwekwa kwenye ndege ya kurudi Denmark akisaidiwa na oksijeni. Hakurudi tena Zaire.

Kilichoonekana mdomoni

Alilazwa Rigshospitalet, hospitali kubwa ya Copenhagen. Madaktari walipima kila walichoweza. Mdomo wake ulikuwa umefunikwa na kandida, kuvu inayojulikana kwa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Damu yake ilikuwa na bakteria. Walipohesabu chembe nyeupe za damu za aina ya T, zile zinazoongoza ulinzi wa mwili, walikuta karibu hakuna.

Matokeo hayo mawili yanafungamana. Kandida inaishi mdomoni, tumboni na kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Haitudhuru kwa sababu chembe za T zinaizuia usiku na mchana. Virusi vya SIDA huingia ndani ya aina moja ya chembe hizo, ile ambayo wagonjwa wetu wanaijua kwa jina la CD4, na kuziua kidogo kidogo kwa miaka. Zikipungua, kuvu huwa miongoni mwa maadui wa kwanza kuinuka. Huanza mdomoni, katika mikunjo ya ngozi, au kwenye kucha. Zikipungua zaidi, hushuka kooni, na mgonjwa anashindwa kumeza hata uji.

Mwaka wa 1977 madaktari walijua kwamba mtu mzima anaweza kupata utando kama huo akiwa na saratani au akitumia dawa kali zinazodhoofisha kinga. Rask hakuwa na sababu hizo. Dawa ya nistatini, iliyogunduliwa mwaka wa 1950 na wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ilikuwepo na iliweza kusafisha mdomo. Haikuweza kurudisha chembe zilizokufa.

Madaktari hawakuwa na jibu. Rask aliomba kurudi nyumbani, akaenda kukaa karibu na Thisted, mkoa aliozaliwa, akitunzwa na rafiki yake wa karibu aliyekuwa muuguzi. Alipumua kwa msaada wa chupa za oksijeni. Baadaye aliitwa tena hospitalini kwa vipimo zaidi, na siku chache kabla ya Noeli akafariki.

Kuvu iliyojificha mapafuni

Uchunguzi wa maiti ulitoa jibu la nusu. Mapafu yalikuwa yamejaa pneumosistisi. Enzi hizo kimelea hiki kilihesabiwa pamoja na vijidudu kama vile vya malaria au malale. Ni mwaka wa 1988 tu ambapo uchunguzi wa jeni ulithibitisha kwamba ni kuvu. Hukaa katika mapafu ya watu wengi tangu utotoni bila madhara. Chembe za ulinzi zikiisha, huongezeka hadi kujaza vijifuko vya hewa, na mgonjwa anakosa pumzi huku hata homa yake si kali sana.

Kuna jambo hapa linalotugusa Wakongo kwa namna ya pekee. Moja ya dawa zilizotibu pneumosistisi wakati ule ni pentamidini, na Kongo iliijua pentamidini kwa miongo mingi kama dawa ya ugonjwa wa malale. Dawa ya pili ni kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Bactrim, na inapatikana leo hata katika vituo vidogo. Kidonge hicho cha bei nafuu, kikimezwa kila siku na mtu ambaye kinga yake imeshuka, huzuia ugonjwa uliomuua Rask.

Jina linakuja, miaka 4 baadaye

Tarehe 5 Juni 1981, taarifa fupi ya idara ya afya ya Marekani ilieleza habari za vijana 5 wa Los Angeles waliopata pneumosistisi bila sababu iliyojulikana. Wote walikuwa pia na kandida. Ni kuvu, basi, iliyowafanya madaktari wa Marekani wagundue kwamba kuna ugonjwa mpya. Mwaka uliofuata ugonjwa ukapewa jina ambalo kwa Kifaransa, na kwetu, likawa SIDA.

Huko Copenhagen, Bygbjerg aliposoma habari hizo alimkumbuka Rask. Aprili 1983 aliandika barua katika jarida la madaktari la Lancet akieleza ugonjwa wa daktari mpasuaji wa Denmark aliyekuwa Zaire. Mwaka huo huo watafiti wa Institut Pasteur ya Paris, akiwemo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walitangaza kwamba wamevipata virusi. Kipimo cha damu kilianza kutumika mwaka wa 1985. Damu ya Rask ilikuwa imehifadhiwa. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu, lakini mwaka wa 1987 vipimo vilivyoboreshwa vilionyesha virusi vya SIDA. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu azikwe.

Mwaka huo wa 1987 Franco Luambo alitoa wimbo wake wa kuonya juu ya SIDA, na kuanzia Kinshasa hadi Goma watu wakaanza kulitaja jina la ugonjwa hadharani.

Ukurasa ule ule, mgonjwa asiye na jina

Jina la Rask limo karibu katika kila kitabu cha historia ya SIDA. Lakini ukifungua Lancet ile ya Aprili 1983, barua ya Bygbjerg inafuatwa na nyingine, ya madaktari wa Ubelgiji. Inamhusu mwanamke wa Kinshasa aliyefika Ubelgiji kutibiwa mwaka wa 1977, mwaka ule ule wa kifo cha Rask. Yeye pia aliangushwa na kuvu, ile iitwayo kriptokoko, ambayo hupenda kuingia kwenye ubongo na mara nyingine huota vipele kwenye ngozi. Alifariki mwaka uliofuata. Jina lake halikuandikwa, kama ilivyo haki ya mgonjwa, na dunia haimkumbuki.

Hakuwa peke yake. Mwaka wa 1976, wakati wa Ebola, watafiti walichukua damu za watu wa eneo la Yambuku na kuzihifadhi. Miaka 10 baadaye damu 659 kati ya hizo zilipimwa, na 5 zilikuwa na virusi vya SIDA. Watafiti walirudi vijijini kuwatafuta watu hao 5. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Hakuna barua ya Lancet iliyoandikwa juu yao walipokuwa wakikonda.

Haya hayapunguzi heshima ya Rask. Aliugua kwa sababu alikubali kufanya kazi mahali ambapo watu wetu walikuwa wakiugua. Lakini yanatukumbusha kwamba yeye alipata ndege, oksijeni, hospitali kubwa na rafiki aliyeandika habari zake. Wagonjwa wa Abumombazi waliokuwa na utando ule ule mdomoni walirudishwa nyumbani, na bila shaka wapo ambao jirani walisema wamerogwa.

Dalili ile ile, Masisi na Walikale

Maneno hayo ya kurogwa bado yanasikika katika milima ya Masisi na katika misitu ya Walikale. Mtu anakonda, mdomo unakuwa mweupe, ngozi inatoka madoa, na familia inatumia pesa ya mbuzi kwa mtabiri kabla ya kufika kituo cha afya. Kinachowaua wengine ni kule kuchelewa.

Kwanza ni lazima kusema wazi kwamba si kila kuvu ni SIDA. Mtoto mchanga hupata utando mdomoni na hupona. Mtoto mwenye utapiamlo pia hupata, kwa kuwa njaa nayo hudhoofisha kinga. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari, mama mjamzito, au mtu aliyemeza antibiotiki kwa muda mrefu anaweza kupata kuvu sehemu za siri au mdomoni. Mchimbaji anayeshinda na buti zenye maji huko Bisie au Rubaya atapata kuvu ya miguu hata akiwa na nguvu za simba. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, ambako familia nzima hulala chini ya sheeting moja na maji ni machache, choa huruka kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Kuna pia kuvu inayoletwa na pomada. Krimu zenye kortikoidi, zikiwemo nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni, huzima kinga ya ngozi pale zinapopakwa. Mtu mwenye choa akizipaka, muwasho hutulia siku mbili tatu, halafu choa hutambaa kwa nguvu na kupoteza sura yake ya duara, hata muganga anashindwa kuitambua. Asiyejua ugonjwa wake asinunue pomada kwa kuangalia rangi ya boksi.

Zipo dalili zinazotaka haraka. Utando mweupe mdomoni mwa mtu mzima bila sababu iliyo wazi. Maumivu ya kumeza chakula. Choa kinachoenea mwili mzima au kurudi kila mara baada ya dawa. Kucha zinazogeuka nyeupe kuanzia chini. Kuvu isiyopona chini ya matiti, kwapani au kinenani. Vipele vinene usoni vyenye kishimo katikati, hasa vikiandamana na homa na kuumwa kichwa kusikoisha: hiyo inaweza kuwa kriptokoko, na mgonjwa wa namna hiyo asingoje kesho. Ukanda wetu wa Afrika ya Kati una pia kuvu iitwayo histoplazmozi ya Kiafrika, inayoota vinundu kwenye ngozi na hata mifupani. Wauguzi wanapaswa kuikumbuka wanapoona vinundu visivyosikia dawa.

Mbele ya dalili kama hizo, jambo la kwanza ni kupima. Kipimo cha haraka cha virusi vya SIDA hutaka tone la damu ya kidole, na jibu hupatikana katika muda usiozidi nusu saa. Utando wa mdomo hutibiwa kwa nistatini au flukonazoli. Kotrimoksazoli hulinda mapafu. Lakini dawa hizo hupambana na kuvu tu. Kinachorudisha ulinzi wa mwili ni dawa za ARV, zinazotolewa bure na ambazo Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linataka apewe kila aliye na virusi, bila kungoja CD4 zishuke. Mgonjwa anayezimeza kila siku, baada ya miezi kadhaa virusi hupungua hadi kutoonekana katika kipimo. Kuvu huondoka kwa sababu mwili wenyewe unaifukuza. Na mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake.

Jambo la pili linawahusu wale wanaoshika damu, kama alivyokuwa Rask. Muuguzi aliyechomwa sindano, mkunga aliyerukiwa na damu machoni, na vilevile mwanamke au mtoto aliyebakwa, wana saa 72 za kuanza dawa za kinga ziitwazo PEP, ambazo humezwa siku 28. Kadiri zinavyoanzwa mapema, ndivyo zinavyofaa zaidi. Mwaka wa 1974 kinga hiyo haikuwepo popote duniani. Leo ipo, na katika eneo ambalo silaha na ubakaji vimezoeleka kuandamana, kujua saa hizo 72 kunaokoa maisha.

Barabara ikifungwa

Kikwazo kikubwa leo ni njia. Hospitali kuu ya rejea ya Masisi imekuwa ikisaidiwa na Médecins Sans Frontières tangu 2007, na watu wamekuwa wakikimbilia humo kila milio ya risasi inaposogea. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, mwisho wa mwezi huo wakaingia Goma na uwanja wa ndege ukafungwa, na Machi mapigano yakafika Walikale-centre. Kila mara jambo kama hilo linapotokea, katoni ya dawa inakwama Goma au Bukavu, muuguzi anakimbilia msituni pamoja na wagonjwa wake, na daftari la kituo linabaki nyuma au linachomwa.

Mtu aliyeacha ARV hasikii kitu wiki za kwanza. Virusi huanza kuongezeka kimya kimya, CD4 zinashuka, na baada ya muda kuvu inarudi mahali ilipoanzia, mdomoni au kwenye ngozi. Akirudi kituoni mapema hurudishiwa matibabu. Akikaa kwa kuona haya kwamba alikatiza, atafika akiwa katika hali ambayo Rask alifika nayo Copenhagen.

Kwa sababu hiyo wagonjwa waliotulia katika dawa hupewa akiba ya miezi 3 au hata 6 pale hali inaporuhusu. Anayeishi karibu na uwanja wa mapigano anayo haki ya kuiomba kabla hakujachafuka. Anayekimbia abebe dawa zake na fishi yake ya matibabu pamoja na kadi ya uchaguzi. Akifika mahali papya, iwe Sake, Pinga, Hombo au Minova, aende kituo cha afya kilicho karibu na kusema alikuwa kwenye ARV, hata kama fishi imepotea na hata kama amekaa miezi bila dawa. Muuguzi atampima upya na kumwanzishia.